Kompyuta Inapokuwa Nzito: Jinsi ya Kupata Chanzo Chake

Mtu anapompelekea fundi kompyuta na kusema kwamba imekuwa nzito, huwa ametaja dalili moja ambayo nyuma yake mna maradhi mengi yasiyofanana. Kompyuta inayochukua dakika nane kuwaka, kisha ikafanya kazi vizuri mchana kutwa, haina tatizo lile lile la kompyuta inayowaka upesi na kuanza kusuasua baada ya nusu saa, na zote mbili hazifanani na ile inayoandika barua bila shida lakini hukwama kila inapofungua kivinjari. Hata hivyo dawa inayotolewa mara nyingi ni moja tu, yaani kufuta kila kitu na kupakia upya mfumo endeshi, kazi inayomgharimu mwenye kompyuta fedha na muda, na wakati mwingine mafaili ambayo hakuyawekea nakala. Nimepokea kompyuta zilizokwisha kufanyiwa hivyo mara mbili au tatu katika mwaka mmoja; kila mara wepesi ulirudi kwa wiki chache kisha ukaondoka, kwa sababu chanzo chenyewe hakikuguswa.

Maelezo yanayofuata yanahusu kompyuta za Windows 10 na Windows 11, na hasa laptopu zilizokwisha kutumika Ulaya, Marekani au nchi za Ghuba kabla ya kufika madukani kwetu, maana hizo ndizo zilizo mikononi mwa walimu, wanafunzi, makarani na wafanyabiashara wengi wa Afrika Mashariki. Mnunuzi wa kompyuta ya aina hiyo huuliza swali moja dukani: "Ni Core i ngapi?" Swali hilo huulizia daraja la kichakataji, yaani CPU, na humfanya aamini kwamba wepesi wote hutoka hapo, na siku kompyuta inapolemewa, lawama huenda huko huko. Katika kompyuta nyingi zinazopita mezani kwangu, kichakataji hakina kosa lolote. Kinachokichelewesha ni diski, na baada ya diski ni uhaba wa kumbukumbu, yaani RAM.

Kabla ya kufungua chochote

Anza kwa kuuliza wakati. Je, uzito ulianza ghafla, au ulikuja polepole kwa muda wa miezi? Uzito wa ghafla huwa na tukio nyuma yake: programu mpya iliyowekwa, sasisho la mfumo, laptopu kuanguka, umeme kukatika wakati kompyuta ya mezani ikiandika kwenye diski, au chaja ya zamani kufa na kununuliwa nyingine. Uzito unaokuja polepole hutokana zaidi na diski kujaa, vumbi kuziba njia ya hewa, na programu kuongezeka moja baada ya nyingine bila kuondolewa hata moja. Ulizia pia kama kompyuta huwa nzito ikiwa kwenye chaja tu, ikiwa kwenye betri tu, au kote kuwili. Swali hili huonekana dogo, lakini limewahi kunionyesha chanzo kabla hata sijaiwasha kompyuta.

Kisha iwashe upya kwa kuchagua Restart. Usiizime na kuiwasha kwa mkono, kwa kuwa mambo haya mawili hayalingani. Tangu Windows 8 ilipotoka mwaka 2012, kompyuta inayozimwa kwa njia ya kawaida huhifadhi hali ya kiini cha mfumo kwenye diski ili iwake haraka safari inayofuata. Hivyo mtu anayezima kompyuta yake kila jioni anaweza kuwa na mfumo ambao kwa kweli haujaanza upya kwa mwezi mzima. Restart ndiyo inayoondoa mabaki hayo yote. Ukitaka kuhakikisha, tazama muda ulioandikwa chini ya maneno Up time katika ukurasa wa CPU wa programu ya Task Manager, na usishangae ukikuta siku ishirini.

Kusoma namba

Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja ili kufungua Task Manager, na ikiwa limetokea dirisha dogo lisilo na maelezo, bofya More details. Sehemu ya Performance huonyesha michoro ya kichakataji, kumbukumbu, diski na mtandao, na sehemu ya Processes hutaja ni programu ipi inayotumia kiasi gani. Subiri dakika tano baada ya kompyuta kuwaka, kwa kuwa kila kompyuta, hata iliyo nzima kabisa, huwa na pilikapilika katika dakika hizo za mwanzo.

Andika namba mara tatu: kompyuta ikiwa imetulia, ikiwa katika kazi ya kawaida, na wakati ule ule inapolemewa. Namba za mara ya tatu ndizo zenye maana kubwa. Kosa linalofanyika sana ni kupima kompyuta ikiwa imetulia juu ya meza ya fundi, kuikuta haina neno, na kumrudishia mwenyewe akiwa na shida yake ile ile. Kama mwenye kompyuta analalamika kwamba hukwama akifungua daftari la hesabu huku kivinjari kikiwa wazi, basi fungua vyote viwili, kwa mafaili yake mwenyewe, kisha ndipo usome.

Diski inapofika asilimia 100

Dalili zake ni hizi: ukibofya programu hupita sekunde kadhaa bila chochote kutokea, kisha mambo yote uliyoyabofya hutokea kwa mkupuo, menyu ya Start hufunguka ikiwa tupu, kipanya kinatembea vizuri lakini madirisha yameganda. Katika Task Manager, kichakataji kiko asilimia 10 au 15, nayo diski imekaa asilimia 100 bila kushuka.

Ili kuelewa kwa nini, ni vizuri kujua jinsi diski ngumu ya zamani inavyofanya kazi. Ndani yake mna sahani zinazozunguka, na katika laptopu nyingi mwendo wake ni mizunguko 5,400 kwa dakika, sawa na mizunguko 90 kwa sekunde. Kichwa cha kusomea husogea mpaka kwenye mstari unaotakiwa, kisha husubiri sahani izunguke hadi sehemu yenye data ifike chini yake. Kusubiri huko peke yake huchukua wastani wa nusu mzunguko, ambao ni kama milisekunde 5.6, na kusogea kwa kichwa huongeza milisekunde nyingine kumi au zaidi. Kwa hiyo diski hiyo, ikiombwa vipande vidogo vilivyotawanyika, huweza kuleta vipande kama 60 hadi 100 tu kwa sekunde. Programu moja kubwa ikihitaji vipande 1,200 ili ifunguke, hesabu inakuwa sekunde 12 au zaidi hata kama kichakataji ni cha kizazi kipya kabisa. Diski ya SSD haina sahani wala kichwa kinachosogea. Huleta kipande kwa muda wa karibu sehemu ya kumi ya milisekunde, na vipande maelfu kwa sekunde. Tofauti ya namna hii haiwezi kufidiwa na kichakataji chochote.

Katika ukurasa wa diski ndani ya Task Manager, soma mambo mawili. La kwanza ni aina ya diski, kwani Windows za karibuni huandika HDD (diski ya kuzunguka) au SSD chini ya jina lake. La pili ni muda wa kujibu, Average response time, unaohesabiwa kwa milisekunde. Diski ya kuzunguka iliyo nzima hujibu kwa milisekunde chache hadi makumi kadhaa ikiwa na kazi. Ukiona mamia, au maelfu, huku kasi ya kusoma na kuandika ikiwa ndogo sana, simamisha kila kitu kingine na ushuku kwamba diski inakufa.

Hapa ndipo ninapoomba msomaji awe mwangalifu kuliko mahali pengine popote, kwa kuwa kinachoweza kupotea ni picha za familia, matokeo ya wanafunzi au hesabu za duka. Diski inayokufa hutoa ishara. Hugonga au kukwaruza kwa sauti ya kujirudia. Faili lililofunguka jana leo linakataa. Kunakili folda moja hufika mahali fulani na kusimama. Fungua Event Viewer, ingia Windows Logs kisha System, na utafute maonyo yenye chanzo kilichoandikwa disk. Tukio namba 7 lina maana kwamba diski imekuta sehemu mbovu, na namba 153 lina maana kwamba ombi la kusoma au kuandika lilibidi lirudiwe. Programu ya bure ya CrystalDiskInfo husoma kumbukumbu za afya ambazo diski hujiwekea yenyewe. Idadi ya sehemu zilizohamishwa na ya sehemu zinazosubiri kuhamishwa, zikiwa zaidi ya sifuri na zikiendelea kupanda, hazihitaji mjadala.

Ishara hizo zikionekana, nakili kwanza, tengeneza baadaye. Wengi hukimbilia amri ya chkdsk yenye kiambishi cha /r, ambayo husoma diski yote kuanzia mwanzo hadi mwisho kwa saa nyingi, na diski iliyokuwa imebakiwa na nguvu ya kutoa mafaili yako kwa mara ya mwisho hutumia nguvu hiyo kujikagua. Anza na mafaili yasiyoweza kupatikana tena popote, uyapeleke kwenye diski nyingine, na ukimaliza ndipo ujaribu mengine. Kupakia upya Windows juu ya diski ya namna hii ni kupoteza muda, kwa maana mfumo mpya utaandikwa katika sehemu zingine zilizo nzima kwa sasa, kompyuta itaonekana imepona, kisha ubovu utaenea mpaka huko. Ndiyo siri ya zile kompyuta zinazopakiwa upya mara tatu kwa mwaka.

Kama diski ni nzima, bado kuna vyanzo viwili vya kuangalia. Cha kwanza ni kujaa. Windows inahitaji nafasi ya kuandika mafaili yake ya muda, na SSD nayo hupungua kasi inapokaribia kujaa kwa sababu inakosa sehemu tupu za kuandikia. Acha walau asilimia 10 hadi 15 ya diski ikiwa wazi. Fungua Settings, System, kisha Storage, uone ni nini kinachokula nafasi. Mara nyingi ni folda ya Downloads yenye video zilizotumwa WhatsApp na nakala nne za faili lile lile. Cha pili ni kazi za chinichini: masasisho, ukaguzi wa virusi, kupanga orodha ya utafutaji, au kupeleka mafaili OneDrive. Kompyuta inayofunguliwa mara moja kwa wiki kwa saa moja, tena kwa bando la simu, haipati kamwe nafasi ya kumaliza kazi hizi, na kila ikifunguliwa huzianza tena. Iache usiku mmoja ikiwa imewashwa, kwenye umeme na kwenye intaneti isiyo ya kubania, na uizuie isilale. Asubuhi uzito wa aina hiyo huwa umekwisha.

Lakini ikiwa diski ya kuzunguka ni nzima, ina nafasi, haina kazi ya chinichini, na bado inafika asilimia 100 kila ukifungua kitu, basi hiyo ndiyo nguvu yake, na jibu ni kuibadilisha kwa SSD. Laptopu nyingi zilizotengenezwa katika miaka ya 2010 hupokea SSD ya inchi 2.5 inayotumia SATA, yaani njia ile ile ya kuunganishia diski, mahali pale pale pa diski ya zamani. Zile zilizo kongwe zaidi, zenye SATA ya kizazi cha pili, haziwezi kupitisha zaidi ya takriban megabaiti 300 kwa sekunde, ila hilo lisikuzuie, kwa sababu faida kubwa iko katika kupunguza kusubiri, na kusubiri kunaondoka kwenye SATA ya kizazi chochote. Kwa laptopu zenye nafasi ya M.2, ambayo ni ya SSD nyembamba zinazochomekwa kwenye bodi, hakikisha kwanza kama nafasi hiyo inapokea SATA au NVMe, ambayo ni njia nyingine ya kuunganishia, kwani umbo hufanana na vifaa havibadilishani. Baadhi ya laptopu ndogo za bei nafuu zina hifadhi ya eMMC ya gigabaiti 32 au 64 iliyochomelewa kwenye bodi. Hizo haziwezi kubadilishwa, na kitu pekee kinachozisaidia ni kuziacha na nafasi. Onyo la mwisho juu ya diski: ile desturi ya kupanga upya vipande vya mafaili ilikuwa na faida kwa diski za kuzunguka, na Windows huifanya yenyewe kwa ratiba. Usiilazimishe kwenye SSD, kwa kuwa huchosha sehemu za kuandikia bila kuleta wepesi.

Kumbukumbu isiyotosha

Kuna hali moja inayowapotosha hata mafundi wazoefu. Diski inaonyesha asilimia 100, inabadilishwa, na kompyuta inapona nusu tu. Kumbe RAM ndiyo iliyokuwa imejaa. Windows ikiishiwa RAM huhamishia sehemu ya kazi kwenye faili maalumu la diski na kuirudisha inapohitajika, huku na huku, mpaka diski inalemewa na kazi isiyokuwa yake. Kwa hiyo kabla ya kuihukumu diski, tazama ukurasa wa Memory. Ikiwa matumizi yako juu ya asilimia 85 wakati wa kazi ya kawaida, na namba ya kwanza chini ya neno Committed inazidi RAM iliyomo, chanzo ni kumbukumbu.

Gigabaiti 4 zilitosha Windows 10 ilipotoka mwaka 2015, lakini leo mfumo wenyewe huchukua sehemu kubwa ya kiasi hicho, na michoro ya skrini, katika kompyuta zisizo na kadi yake peke yake, huchukua nyingine. Kinachobaki humalizwa na kivinjari. Vivinjari vya sasa huendesha takriban kila tovuti iliyo wazi kama programu inayojitegemea, jambo lililo jema kwa usalama lakini zito kwa RAM, na viendelezi vilivyosahaulika huongeza mzigo. Funga kurasa usizozihitaji, ondoa viendelezi, kisha upime tena. Ukiona namba imeshuka na kompyuta imefunguka, umekwisha kupata jibu bila kununua chochote.

Ukiamua kuongeza, Task Manager itakuambia nafasi ngapi zimetumika, na aina ya umbo. Ukisoma Row of chips mahali pa SODIMM, yaani kipande cha RAM kinachochomoka, maana yake RAM imechomelewa. Katika laptopu kama hiyo tafuta kwanza kama kuna nafasi ya ziada. Vizazi vya RAM vya DDR3 na DDR4 havishei nafasi, na kati ya DDR3 yenyewe kuna ya volti 1.5 na ya volti 1.35 iitwayo DDR3L. Laptopu nyingi zinazohitaji DDR3L hazitawaka kwa ile ya volti 1.5. Nenda dukani na RAM ya zamani mkononi. Tazama pia kama Windows iliyomo ni ya biti 32, kwani hiyo haitumii zaidi ya gigabaiti 4 hata ukiweka 16, na mtu anaweza kununua RAM ya ziada isiyoonekana kamwe.

Kichakataji kinachomtumikia mwingine

Sasa tuchukue hali ya tatu: diski imetulia, RAM inatosha, lakini kichakataji kiko asilimia 80 na zaidi hata usipogusa kitu, na feni inavuma. Katika sehemu ya Processes, bofya kichwa cha safu ya CPU ili programu zijipange kwa matumizi. Ukikuta Antimalware Service Executable, hiyo ni kinga ya Windows yenyewe ikiwa katika ukaguzi, nayo itamaliza. Ukikuta antivairasi mbili za kampuni tofauti, ondoa moja, maana kila moja hukagua kila faili linaloguswa na mwenzake.

Ukikuta jina usilolijua, libofye kwa kitufe cha kulia na uchague Open file location. Programu inayoendeshwa kutoka folda za Temp au AppData, isiyo na jina la mtengenezaji, inastahili kushukiwa. Programu hasidi zinazochimba sarafu za kidijitali hutumia kichakataji chako kumtajirisha mtu usiyemjua, na baadhi yake hunyamaza pindi Task Manager inapofunguliwa. Kwa hiyo sikiliza feni: kama inavuma kwa dakika kumi, ukafungua Task Manager ikatulia, ukaifunga ikaanza tena, una sababu nzuri ya kuendesha ukaguzi wa Microsoft Defender Offline, ambao huwasha kompyuta nje ya mfumo wa kawaida na kuikagua kwa muda wa dakika 15 hivi.

Njia kuu inayoingiza programu hizi kwetu inajulikana. Ni zile zana za kuipa leseni bandia Windows au Office, na programu zilizovunjwa zinazopitishwa kwa flashi kutoka mkono hadi mkono, ambazo maelekezo yake huanza kwa kusema "zima kwanza antivairasi." Mtu anayefuata maelekezo hayo amefungua mlango mwenyewe. Ninalisema kwa uchungu kwa sababu mara nyingi aliyefungua mlango si mwenye kompyuta, bali fundi aliyeaminiwa.

Namba ziko chini, kompyuta bado ni nzito

Hii ndiyo hali inayokatisha tamaa, kwa kuwa hakuna kilichojaa na kila kitu kinachelewa. Rudi katika ukurasa wa CPU na ulinganishe namba mbili: kasi ya msingi iliyoandikwa Base speed, na kasi ya sasa iliyoandikwa Speed. Kasi ya sasa kushuka kompyuta ikiwa imetulia ni kawaida. Lakini kichakataji cha gigahezi 2.4 kikibaki kwenye 0.7 au 0.8 hata unapokipa kazi, kuna kitu kinachokishika breki.

Kwanza shuku joto, hasa kama uzito huanza baada ya dakika ishirini au zaidi. Vichakataji vingi vya laptopu vimewekewa kikomo cha karibu nyuzi 100 za Selsiasi, na vikikaribia hapo hujipunguzia kasi ili visiungue. Programu ya HWiNFO huonyesha joto na kutaja kama breki hiyo imekamatwa. Laptopu inayotumika juu ya kitanda huziba njia ya hewa kwa shuka. Ile ya Dodoma hukusanya vumbi. Na ile ya pwani huvuta hewa yenye unyevu na chumvi inayoyafanya mavumbi yagande kama blanketi kati ya feni na mapezi ya shaba. Zima, chomoa chaja, tenganisha betri, kisha safisha kwa brashi laini na hewa ya kupuliza, huku ukizishika panga za feni zisizunguke. Kama mashine ina umri wa miaka sita au saba na haijawahi kufunguliwa, ule mlenda wa kupitisha joto ulio kati ya kichakataji na shaba huenda umekauka, na kuubadilisha kunaweza kuleta tofauti kubwa kwa gharama ndogo.

Pili shuku chaja, na hapa ndipo lile swali la mwanzo linapolipa. Baadhi ya laptopu, hasa zile za maofisini, huitambua chaja yake kupitia pini nyembamba iliyo katikati ya ncha. Pini ikipinda, waya wake ukikatika, au chaja ikiwa ya kuiga au ya wati chache kuliko inavyotakiwa, kompyuta hukataa kuiamini na kujishusha hadi mwendo wa chini kabisa, wakati mwingine bila kuandika ujumbe wowote. Kipimo chake ni rahisi: chomoa chaja, uitumie kwa betri dakika tano, na utazame namba ya Speed. Ikipanda, tafuta chaja sahihi. Nakumbuka laptopu moja iliyokwisha kubadilishiwa diski na RAM kabla ya mtu yeyote kuitazama ncha ya chaja. Ukiona kwamba betri imevimba na kuinua kibodi, acha kuitumia mara moja na usijaribu kuitoboa, kwa sababu inaweza kushika moto.

Hakikisha pia kwamba mpangilio wa umeme haujawekwa katika hali ya kubana matumizi. Hilo ni jambo la nusu dakika.

Uzito wa kuwaka tu, na uzito wa intaneti tu

Kompyuta inayochelewa kuwaka lakini ni nyepesi baadaye mara nyingi ina orodha ndefu ya programu zinazojianzisha. Fungua sehemu ya Startup ndani ya Task Manager na uzime zile usizozihitaji asubuhi. Kuzizima huko hakuzifuti.

Na kama uzito uko kwenye tovuti peke yake, jaribu tovuti hiyo hiyo kwa simu iliyounganishwa kwenye mtandao huo huo. Simu nayo ikichelewa, kompyuta haina hatia.

Kupakia upya, na umri wa mashine

Kupakia upya mfumo kuna mahali pake. Ni sahihi baada ya programu hasidi iliyokwisha kuingia ndani sana, na ni sahihi mafaili ya mfumo yanapoharibika kiasi cha kutorekebishika. Kabla ya kufika huko, fungua kidirisha cha amri kwa mamlaka ya msimamizi, endesha DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth, kisha sfc /scannow, kwa mpangilio huo. Zile programu zinazojitangaza kwamba zitasafisha na kuharakisha kompyuta kwa mbofyo mmoja hazina nafasi katika kazi hii; nyingi huongeza mzigo unaojianzisha pamoja na Windows.

Linabaki suala la umri. Microsoft ilimaliza kutoa huduma ya kawaida kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, nayo Windows 11 inataka kifaa cha usalama cha TPM 2.0, RAM ya gigabaiti 4, hifadhi ya gigabaiti 64, na kwa upande wa Intel, karibu vichakataji vyote vinavyokubaliwa ni vya kizazi cha nane na kuendelea. Laptopu nyingi zinazouzwa kwetu hazifiki hapo. Kulazimisha Windows 11 juu ya mashine isiyokubaliwa kunawezekana, lakini hakuna ahadi ya masasisho, na kwenye gigabaiti 4 uzito utarudi siku ya kwanza.

Kwa mashine kama hizo, mara nyingi mimi hupendekeza SSD pamoja na mfumo endeshi mwepesi wa Linux badala ya Windows. Linux Mint katika toleo lake la Xfce huendeshwa kwa RAM ya gigabaiti 2, na 4 huifanya istarehe. Kabla ya kumshauri mtu ahame, muulize anatumia programu gani kazini, kwa sababu programu ya mahesabu ya ofisi iliyoandikwa kwa Windows pekee inaweza kumrudisha alikotoka. Akikubali, washa mfumo huo kutoka kwenye flashi bila kuupakia, naye akiwa amekaa kwenye kiti: aunganishe Wi-Fi, acheze sauti, achape ukurasa mmoja kwa printa yake, na afungue nyaraka zake tatu anazozitumia kila siku.